Swali la Kwanza Kwenye Daftari la Naserian

Marahaba. Najua hamjaniamkia bado, lakini mtu aliyeitikia salamu za watoto tisini kila asubuhi kwa miaka thelathini na ushei huwa haponi. Mume wangu anasema naitikia hata nikiwa nasukuma chapati peke yangu jikoni. Basi marahaba, vuteni viti.

Ninaowaandikia ni nyinyi walimu vijana, hasa mliopangiwa darasa la kwanza na la pili, madarasa ambayo wenzenu wanayakwepa kama zamu ya kusimamia usafi wa vyoo. Sitawafundisha kuandaa andalio la somo. Hilo mmelitoa chuoni na mnalijua kuliko mimi. Nataka tuongee habari ya kazi ya likizo. Watoto wadogo wapewe, au waachwe wapumzike? Nimelijibu swali hilo kwa namna tofauti katika maisha yangu ya kazi, na jibu mojawapo nusura linipotezee mtoto.

Mwaka huu limenirudia nikiwa nimestaafu, nimekaa zangu hapa Korogwe. Shule zilipofungwa mwezi wa sita, mjukuu wangu Zuhura, wa darasa la pili, alirudi na kazi ya likizo. Kurasa arobaini za fotokopi, zimebanwa kwa stepla mbili kwa sababu moja haikutosha. Aliziweka mezani, akakaa akazitazama, kisha akaniuliza, "Bibi, kwani likizo ni ya nani?"

Nilishindwa kumjibu, maana aliyezitoa fotokopi zile ni Mwalimu Rehema, na Mwalimu Rehema ni mpangaji wetu wa chumba cha uani. Binti mzuri, anajituma, mwaka wake wa pili kazini. Jioni hiyo alikuwa anaanika nguo zake, nikamsogelea taratibu kama mtu anayekuja kukopa chumvi. Akanisikiliza, kisha akaniuliza, "Mama, kwani nyinyi zamani mlikuwa hamuwapi?"

Tulikuwa tunawapa. Mimi nilikuwa bingwa.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Magoma. Huko hapakuwa na fotokopi. Nilikuwa naandika maswali ubaoni siku ya kufunga shule, nafuta, naandika mengine, na watoto wananakili. Madarasa mengine yamesharuka nje, wamefika kwao, wanakula, darasa langu bado limeinama. Nilijiona mwalimu kwelikweli. Mwezi wa sita kule mahindi yanavunwa, mpunga unalindwa ndege, na kila mwenye miguu anahitajika shambani. Hilo sikulifikiria hata kidogo. Mimi ni Msambaa wa Bungu, milimani, na nilikuwa na umri kama wenu. Nilidhani mtoto anapotoka kwenye macho yangu anakwenda kukaa mezani kunisubiri.

Madaftari yaliporudi nilikaa nikasahihisha kwa bidii zote. Nikaona saba kujumlisha nane ni kumi na sita. Kosa. Daftari la pili, saba na nane ni kumi na sita. Kosa. Nikafika la kumi na tisa ndipo nikashtuka kwamba hata mkia wa ile sita umepinda namna moja. Kumbe dada mmoja wa darasa la sita aliwakusanya wadogo wa kitongoji kizima, akawafanyia wote kazi kwa siku mbili ili wawahi kwenda kulinda ndege. Nilikuwa nimesahihisha madaftari kumi na tisa ya mtoto mmoja, tena si mwanafunzi wangu.

Mwaka uliofuata nilikuwa stendi ya Korogwe, nasubiri basi la kwenda kwetu. Nikanunua karanga. Enzi hizo zilifungwa kwenye karatasi iliyosokotwa kama faneli. Nilipomaliza nikaikunjua karatasi, nikakuta mwandiko wangu mwenyewe wa kalamu nyekundu: "Jitahidi zaidi." Nilicheka hadi mama aliyekaa jirani akanisogezea begi lake mbali kidogo.

Nyinyi mnacheka, lakini nisingependa mnielewe vibaya. Watoto wanasahau, hilo ni kweli tupu. Mtoto wa darasa la kwanza ukimwacha mwezi mzima, *b* inageuka kuwa *d*, na herufi aliyokuwa anaiimba vizuri anaitazama kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Kwa hiyo sikuacha kutoa kazi. Nilichofanya ni kutafuta kazi iliyo bora zaidi, na hapo ndipo nilipoharibu.

Nilihamishiwa Handeni, upande wa mbugani, kwenye shule ya vyumba vinne na mti mmoja wa mwarobaini. Watoto wengi walikuwa Wazigua, watoto wa wakulima. Wachache walitoka kwenye maboma ya Wamasai wanaochunga huko. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Mhina, alikuwa Mzigua wa palepale, mtu mfupi, mpole, mwenye baiskeli nyeusi aliyoifuta kila asubuhi kabla hajajifuta yeye mwenyewe. Kwa miaka miwili alikuwa akiiendesha baiskeli hiyo kwenda boma la mzee mmoja aitwaye Loishiye kumwomba alete watoto shuleni. Mzee anamkaribisha, anampa maziwa, wanaongea habari za mvua, na anaondoka bila mtoto. Mwaka niliofika mimi, mzee alikubali. Akamtoa mjukuu wake wa kike, Naserian. Boma zima halikuwa na mtoto mwingine aliyewahi kukanyaga shule, na wote walikuwa wanamtazama yeye waone itakuwaje.

Naserian alikuwa na miaka saba au minane, mwembamba, kimya. Kiswahili alikuja nacho kidogo, lakini darasa la kwanza halikuisha kabla hajawapita wenzake kusoma. Alikuwa anasoma kila kitu, hata mfuko wa saruji uliozibia dirisha letu moja. Mwalimu Mhina alikuwa akipita nje ya darasa, anasimama kumsikiliza, halafu anaendelea na safari yake huku anatabasamu peke yake.

Akiwa darasa la pili, ikafika likizo ya mwezi wa sita. Nikaandaa kazi yangu bora. Chuoni tuliambiwa tuanzie kwenye mazingira ya mtoto, nami nikasema sasa nimeelewa, hakuna tena maswali ya maembe mia mbili ambayo mtoto hajawahi kuyaona pamoja. Nikaandika maswali kumi tu, yote ya nyumbani. Swali la kwanza lilikuwa la kumpa kila mtoto moyo: *Nyumbani kwenu mna ng'ombe, mbuzi au kuku wangapi? Wahesabu, kisha andika jumla.* Niliridhika nalo sana, hata nikalipigia mstari.

Tulipofungua shule nikakusanya madaftari. Watoto wa Kizigua wameandika kuku saba, mbuzi watatu, mmoja kaandika kuku sita na jogoo mkorofi. Daftari la Naserian lilikuwa safi, mwandiko umenyooka, maswali tisa yote vema. Swali la kwanza, jeupe. Hakuandika kitu.

Nikamwita mbele. Nikamuuliza kwa nini amekwepa swali lililo rahisi kuliko yote. Akainamisha kichwa. Nikamuuliza tena, kimya. Darasa likaanza kucheka, nami sikulinyamazisha. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni ya swali: "Mvivu." Kisha nikamwambia, "Rudi nyumbani ukawahesabu. Usije hapa bila jibu."

Akachukua daftari lake akatoka. Nilimwona dirishani akivuka uwanja, hakukimbia wala hakulia. Nikaendelea na somo.

Siku ya nne Mwalimu Mhina aliingia ofisini ameshika daftari langu la mahudhurio. "Mwalimu Zubeda, Naserian simwoni. Anaumwa?"

"Haumwi," nikasema. "Nimemrudisha nyumbani akahesabu ng'ombe."

Akavuta kiti akakaa. "Umemrudisha akafanye nini?"

Nikarudia, sauti imeanza kupungua. Mwalimu Mhina alivua miwani akajifuta uso wote kwa kiganja. "Nyinyi Wasambaa," akasema, "huko kwenu milimani mtu ana ng'ombe mmoja kamfunga nyuma ya nyumba, anamkatia majani, anamhesabu mpaka kwato. Hawa wenzetu hawahesabu ng'ombe, mwalimu. Wala watoto hawahesabiwi. Kwao ni kuita balaa."

"Hukunieleza, mwalimu."

"Hukuniuliza. Na mimi nilidhani kila mtu anajua." Akasimama. "Basi mfuate. Nikienda mimi, mzee ataniheshimu, atanipa maziwa, nitarudi bila mtoto. Ni wewe uliyemtuma." Akanipa ufunguo wa baiskeli yake, na aliyemjua Mwalimu Mhina anajua maana ya kupewa ile baiskeli.

Njiani niliandaa maneno mengi. Nilipokaribia boma watoto wadogo wakaja mbio, wakainamisha vichwa ili niwaguse utosini, kama wanavyoamkia wakubwa. Nikawagusa mmoja mmoja. Naserian hakuwa kati yao. Nilimwona kwa mbali, shuka lake jekundu likipotelea nyuma ya nyumba ya mama yake. Mimi niliwahi kuumwa na nyuki na kuchanika goti kwa baiskeli, lakini hakuna kilichoniuma kama kumwona mtoto niliyemfundisha kusoma akijificha asinione.

Mama yake alinipa maziwa kwenye kibuyu, yana harufu ya moshi, nikayanywa. Akaniambia polepole, "Kila jioni anakwenda mlangoni kwa zizi na daftari. Anasimama. Anataka shule, lakini anasema mwalimu amesema asirudi bila jibu. Na jibu babu amekataa. Sasa analia."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Siku ya kwanza ya likizo, Naserian alisimama kwenye mlango wa zizi na kidole chake, moja, mbili, tatu, kwa Kiswahili kizuri nilichomfundisha mimi. Babu yake akamsikia, akamzuia. Siku ya tatu mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, akaumwa na nyoka malishoni akafa. Hakuna aliyesema kwamba shule ndiyo imemuua, ila hakuna pia aliyelisahau jambo hilo. Mtoto yule alirudi shuleni akijua hivyo vyote, nami nikamwandikia mvivu. Niliona aibu kubwa, na sioni haya kuwaambia kwamba machozi yalinitoka mbele ya watu nisiowajua.

Mzee Loishiye alikuwa amekaa kwenye kigoda, fimbo magotini. Nikamwamkia, akaitikia.

"Mimi najua watu wawili wanaotaka hesabu ya ng'ombe zangu," akasema. "Mwizi, na mtu wa kodi. Wewe ni yupi?"

"Ni mwalimu, mzee. Nilikosea."

"Kwa nini ulitaka kujua?"

Nikamweleza kwamba sikutaka kujua, nilitaka mtoto ajifunze kuhesabu. Akalifikiria jambo hilo kwa uzito. Kisha mimi, na hapa mtaona ualimu ni ugonjwa, nikamuuliza, "Lakini mzee, usipowahesabu, utajuaje kama mmoja amepotea?"

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. "Wewe mwalimu, jioni ukirudi nyumbani kwako, mume wako hayupo, watoto wapo. Unahesabu watu ndiyo ujue?"

Nikaomba radhi kwa ajili ya mtamba, kwa ajili ya mtoto, na kwa ajili ya lile neno jekundu. Nikamwomba amruhusu Naserian arudi, na swali lile nitalifuta.

"Usifute," akasema. "Atarudi. Lakini na mimi nakupa kazi ya likizo. Shule ikifungwa mwezi wa kumi na mbili, uje hapa. Mtoto atakufundisha kuona ng'ombe. Ukishindwa, tutakuandikia." Wazee wengine waliokuwa karibu wakacheka sana, na nikajua kwamba neno *mvivu* walikuwa wameshatafsiriwa.

Kesho yake Naserian alikuja. Nilimsimamisha mbele palepale nilipomwaibisha, nikaliambia darasa: mwalimu alikosea, Naserian hakukosea. Watoto walinitazama kama nimevaa kofia ya mume wa mtu. Hawakuwa wamewahi kusikia kitu kama hicho, na nyinyi vijana nawaambia kisemeni mara mojamoja, hakiui. Daftari lake nilimrudishia lilivyo, swali la kwanza jeupe na neno langu pembeni.

Desemba nikaenda. Mume wangu alinifungia unga na sukari akanitakia mtihani mwema. Nilikaa siku tatu kwa Mama Naserian, na mwalimu wangu alikuwa mkali kuliko mimi. Asubuhi na jioni alinisimamisha mlangoni pa zizi, ana kifimbo, ananionyesha. Huyu ni *arus*, mweusi na mweupe. Huyu anafanana naye lakini pembe moja imeinama. Huyu anatembea nyuma siku zote kwa sababu anamwogopa yule. Huyu ni mtoto wa yule aliyekuwa wa bibi. Kila ng'ombe alikuwa na rangi yake, mama yake, tabia yake na ugomvi wake. Nikawa najikuta nahesabu kimyakimya, midomo inacheza, na kila ilipocheza Naserian ananiwekea kidole mdomoni. "Mwalimu, usihesabu. Tazama."

Siku ya kwanza nilishindwa. Ya pili nilishindwa vizuri zaidi. Jioni ya tatu ng'ombe walirudi kutoka kunywa maji lamboni, vumbi limewafunika, mzee kakaa kwenye kigoda chake ananitazama. Nikatulia, nikatazama rangi, pembe, mwendo. Nikaona nimewapata. "Wote wamerudi," nikasema.

Naserian akatikisa kichwa. "Bado. Yule mwekundu mwenye doa tumboni. Ana mimba."

Mzee alinyanyua fimbo tu, na vijana wawili wakaondoka mbio kuelekea lamboni. Nilikaa pale nimenywea. Jua lilikuwa halijazama walipotokea, wanamswaga yule mwekundu polepole, na kijana mmoja amebeba begani ndama aliyezaliwa muda uleule, miguu inaning'inia. Boma zima likafurahi. Mama Naserian alianza kuimba, na mimi nikafuata wimbo nisioujua maneno yake.

Naserian aliingia ndani akatoka na daftari lake. Akakaa chini, akalifungua kwenye kazi ya mwezi wa sita, akaandika jibu la swali la kwanza kwa mwandiko wake ulionyooka. Akanipa. *Nyumbani kwenu mna ng'ombe, mbuzi au kuku wangapi?* Alikuwa ameandika: "Wote wamerudi."

Nikatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba wangu. Nikalikata lile neno langu, nikampa vema, kubwa, ikavuka mstari hadi swali la pili.

Sasa turudi kwenu. Tangu mwaka ule sikutoa tena kurasa za maswali kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili. Nilikuwa nawapa kazi moja: ukirudi, uje na jambo moja unalolijua na mwalimu wako halijui, utufundishe. Kuna waliokuja na njia ya kufukuza ndege kwa kopo na kamba. Kuna aliyetufundisha kujua yai bovu kwenye beseni la maji. Nilipohamia Bungu, karibu na kwetu, msichana mmoja alisahau hadithi aliyosimuliwa nyumbani aje nayo, basi siku ya kufungua akamleta bibi yake mwenyewe, kutoka upande wa Lutindi, amevaa kanga mpya, akakaa kwenye dawati la mbele. Alitusimulia hadi kengele ya mapumziko ikapigwa na hakuna aliyetoka. Alipomaliza akaniuliza kama amefaulu.

Na zile herufi zinazosahaulika? Zinarudi. Wiki ya kwanza msiwape jaribio. Imbeni nao herufi, wasomeeni hadithi, waacheni waandike majina ya ndugu zao wote. Ikifika Ijumaa *b* imeshakumbuka liliko tumbo lake. Mzazi mwenye kitabu nyumbani amsomee mtoto kidogo kabla ya kulala, hiyo si kazi ya likizo, ni raha. Wapo wazazi watakaowalaumu kwamba hamkutoa kazi, maana karatasi zinamtuliza mtoto nao wakapumua. Wasikilizeni, wachekesheni, msibadilike.

Lakini kuna jambo jingine nililolipata kwa Mzee Loishiye, na hilo ndilo hasa lililonifanya niandike. Mtoto ambaye hakumaliza kazi ya likizo huwa anaogopa siku ya kufungua shule. Mkubwa atatafuta uongo. Mdogo hajui uongo mzuri, kwa hiyo anajificha. Leo tumbo, kesho kichwa, keshokutwa ameshazoea nyumbani. Sisi tunakuwa tumeinamia madaftari ya waliokuja, tunasahihisha, hatujui kama kuna aliyebaki kichakani. Nilianza kusimama mlangoni siku ya kwanza, kabla ya kufungua daftari la mahudhurio, nikalitazama darasa kama nilivyofundishwa kutazama zizi. Mwaka hadi mwaka jicho langu likazoea, na mtoto ambaye hayupo nikawa namwona kabla ya waliopo.

Shule zimefunguliwa wiki iliyopita. Zuhura alimaliza kurasa zake arobaini, ingawa tatu nilizifanya mimi, na moja kati ya hizo Mwalimu Rehema alinipa kosa. Siku hiyo ya kufungua, alasiri, Rehema alikaa barazani kwangu na rundo la zile fotokopi, kalamu nyekundu mkononi, anasahihisha huku anapiga miayo. Nikamuuliza, "Leo nani hajarudi?"

Akanyoosha mkono kwenye mkoba achukue daftari la mahudhurio.

"Liache," nikamwambia. "Fumba macho, ulione darasa."

Alinitii kwa adabu tu, nilijua. Akafumba macho, akataja mtoto mmoja wa dawati la mbele, akataja wa pili kwa kusitasita, kisha akakwama. Simu yangu ikalia, ujumbe umeingia. Miwani sikuwa nayo, nikampa anisomee. Nilijua unatoka wapi. Naserian anafundisha darasa la kwanza kulekule Handeni, na kila siku ya kufungua shule hunitumia maneno mawili yaleyale, bila kukosa, toka alipoanza kazi.

"Soma," nikasema. "Wote wamerudi?"

Rehema akasoma: "Shikamoo, mwalimu. Bado mmoja. Kesho asubuhi namfuata."

Akanirudishia simu. Akaifunika kalamu yake.

"Mama, kuna mtoto anaitwa Asha," akasema. "Anakaa dawati la dirishani. Leo sijamwona. Na kazi yake alikuwa hajui kuifanya, nilimwona siku ile ya kufunga anaigeuza juu chini."

"Kwao unapajua?"

"Sipajui."

Zuhura, aliyekuwa anacheza rede nje huku akijifanya hasikii, alikuwa ameshavaa kandambili atupeleke.